Hospitali ya Plaiwudi

Nchi ya Pazurini haipo. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, na kama unaishi mahali panapofanana nayo, hayo ni yako na wanaokutawala. Huko Pazurini zamani walikuwa na wizara nyingi kama watu wengine, mpaka siku Baraza la Mawaziri lilipogundua kwamba Wizara ya Ujenzi na Idara ya Matangazo zinafanya kazi ileile, ila Idara ya Matangazo ndiyo inayoimaliza kwa wakati. Zikaunganishwa. Ikazaliwa Wizara ya Matangazo na Utekelezaji, ikapewa jengo la ghorofa kumi na moja. Jengo hilo, kwa bahati mbaya, ilibidi lijengwe kweli, maana waheshimiwa walihitaji mahali pa kukaa.

Utaratibu mpya ulikuwa mwepesi, hata mtoto angeuelewa. Barabara ikihitajika, linatengenezwa tangazo la dakika mbili: gari linateleza kwenye lami, mama anacheka, bendera inapepea. Tangazo likishaonyeshwa mara saba kwenye televisheni ya taifa, barabara inahesabiwa kuwa imekamilika. Atakayekwama kwenye matope baada ya hapo amekwama kwa hiari yake. Wataalamu kutoka nchi za mbali walikuja kujifunza, wakapewa kofia na kalamu, wakaondoka wakitikisa vichwa. Pazurini ilisema walitikisa kwa mshangao.

Basi tasnia ya matangazo na filamu fupi ikastawi kuliko kilimo. Kila wiki kulikuwa na habari zake: fulani ameongoza bwawa, fulani anapiga picha ya uwanja wa ndege, fulani amefukuzwa kazi kwa sababu kwenye tangazo lake la umeme kivuli cha kibatari kilionekana ukutani. Na miongoni mwa waongozaji wote hakuna aliyemfikia Siwema Kilindo.

Siwema alikuwa hodari, na hilo ndilo tatizo lake. Alipokuwa msichana alitengeneza filamu ya dakika kumi na moja kuhusu wanawake wanaopika msibani, wasiopata nafasi ya kulia mpaka masufuria yaoshwe. Waliitazama watu arobaini, wote wakatoka macho mekundu. Lakini macho mekundu hayalipi kodi ya nyumba. Akaingia kwenye matangazo ya sabuni, kutoka sabuni akaingia kwenye madaraja, na alipoletewa kazi ya kutangaza hospitali hakuuliza swali hata moja. Alijua anachofanya. Alijiambia kwamba kila mtu anajua, kwa hiyo hadanganywi mtu.

Tena alichagua mwenyewe mahali pa kupigia picha. Akachagua Kiparamoto, kijiji alichozaliwa, kwa kuwa uwanja wa mpira wa pale ni tambarare na jua la asubuhi linaangukia vizuri. Mdogo wake, Stumai, aliishi palepale na mumewe, akiwa na mimba yake ya kwanza. Siwema alitaka amwone.

Mafundi walisimamisha ukuta wa plaiwudi wenye urefu wa mita ishirini, wakaupaka rangi nyeupe na bluu, wakachora madirisha, na nyuma wakauegemeza kwa magogo. Juu wakaandika HOSPITALI YA RUFAA KIPARAMOTO. Kilichokuwa cha kweli ni mlango tu, na kitanda kimoja kilichoonekana mlango ukifunguliwa. Kitanda hicho waliazima kwenye zahanati ya kijiji.

Maana Kiparamoto ilikuwa na zahanati. Ilikuwa na vyumba viwili, bati lililotoboka, na Nesi Adventina, mama wa miaka hamsini na sita aliyezalisha nusu ya kijiji na kuwagombeza nusu nyingine. Alikuja kusimama mbele ya ule ukuta, mikono kiunoni.

"Siwema, mwanangu, hii kitu ni ya nini?"

"Tangazo tu, Nesi. Kesho kutwa tunaung'oa ukuta."

"Na kitanda changu?"

"Nakirudisha mwenyewe. Kwa mkono wangu."

"Kirudi kabla ya Jumatatu. Nina akina mama watatu tumbo liko hapa," alisema Nesi akionyesha chini ya kiuno, "na mdogo wako anawafuatia."

Tangazo likatoka zuri kupita kiasi. Kesho yake likaonyeshwa mara saba, na usiku huohuo likashinda Tuzo ya Taifa kwenye kipengele cha Afya Iliyokamilika. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Tondoroso, alipanda jukwaani akiwa amevaa koti la kitabibu juu ya suti.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaotubeza kwamba tunatangaza tu. Nawauliza: hospitali ipi duniani ambayo haijawahi kupoteza mgonjwa hata mmoja? Ni hii! Haina foleni! Haina harufu! Watumishi wake hawajawahi kugoma! Nani mwingine anaweza kusema hivyo?"

Ukumbi ukasimama kupiga makofi. Siwema naye akasimama. Alipokea tuzo, akashukuru, akapigwa picha. Asubuhi iliyofuata Stumai alimpigia simu.

"Dada, wamekuja watu na lori. Wamefunga zahanati."

"Wamefunga kwa nini?"

"Wanasema kata moja haiwezi kuwa na hospitali ya rufaa na zahanati pia. Eti ni ubadhirifu. Wamebeba dawa zote, mizani, mpaka benchi. Kitanda nacho wamekikuta huko kwenye ubao wako, wakabandika karatasi kwamba ni mali ya hospitali. Na Nesi amepata barua ya uhamisho."

"Kahamishiwa wapi?"

"Kwenye ubao, dada."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila siku saa moja na nusu asubuhi Nesi Adventina aliripoti kazini nyuma ya ukuta wa plaiwudi. Alikaa kwenye kigoda kati ya magogo, amevaa sare iliyopigwa pasi, na mbele yake kitanda chenye karatasi. Mafundi walipokuja kuung'oa ukuta walikuta askari wawili wenye silaha. Kubomoa hospitali ya rufaa ni kosa la uhaini. Hospitali ya kweli iliyokuwa karibu ilikuwa Magunzi, kilomita sitini kwa barabara ambayo tangazo lake lilikuwa zuri pia.

Siwema alikwenda wizarani. Pale ghorofa ya nne kuna Bodi ya Kulinda Ukweli, na Mkurugenzi wake alimpokea kwa heshima zote.

"Karibu sana, msanii wetu."

"Mkurugenzi, ile hospitali ya Kiparamoto ni ubao. Nimeupigilia mimi. Nimekuja mniandikie kibali niung'oe, zahanati ifunguliwe."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Unamaanisha Serikali imesema uongo?"

"La. Mimi ndiye niliyesema uongo. Serikali ilinituma tu."

"Hebu tuangalie ushahidi." Aliwasha televisheni. Lilikuwa tangazo la Siwema. "Huyu mgonjwa anatabasamu. Ni kweli au si kweli?"

"Anatabasamu kwa sababu nilimwambia atabasamu."

"Na alipotabasamu, alikuwa amesimama mbele ya nini?"

"Ubao!"

"Mimi naona hospitali. Wananchi milioni kumi na nne wameona hospitali. Wewe peke yako ndiye unayeona ubao. Umelala vizuri siku hizi?" Alifungua kabati lililojaa karatasi. "Hata ningetaka kukusaidia, dada yangu, tuna fomu ya hospitali kuongezeka. Ya hospitali kupungua haijawahi kuchapwa."

Siwema alitoka pale kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Alijua kupanga taa mpaka plaiwudi ikang'aa kama saruji. Nani alimlazimisha kujua hivyo?

Stumai alikuwa amebakiza wiki tatu. Siwema alitaka amhamishie mjini, lakini safari ile ya barabara mbovu Nesi aliikataa katakata; miguu ilikuwa imevimba na presha inapanda. Ndipo wizara ikamwita tena Siwema. Mheshimiwa Tondoroso alitaka filamu fupi ya pili, na safari hii angecheza mwenyewe. Itaitwa *Mtoto wa Kwanza*, na itaonyesha mtoto wa kwanza kuzaliwa katika hospitali mpya.

Siwema akakubali papo hapo. Alikuwa amepata wazo. Katika kazi hiyo kuna kitu kinaitwa orodha ya vifaa vya kupambia picha: mwongozaji anaandika anachohitaji kionekane, na wizara inakileta bila kuuliza. Pazurini haikuwahi kunyima kitu kamera. Aliwahi kuomba ng'ombe mia mbili weupe wakaja ng'ombe mia mbili weupe. Basi akakaa na Nesi Adventina nyuma ya ubao, wakaandika: daktari wa wazazi, mmoja. Gari la wagonjwa, moja. Sindano za kuzuia damu baada ya kujifungua, maboksi mawili. Dripu. Damu. Jenereta. Nesi alitaja, Siwema akaandika, na chini kabisa akaongeza *vyote viwe vya kweli*.

"Wataleta?" aliuliza Nesi.

"Wataleta. Ni kwa ajili ya picha."

Nesi alicheka kwa mara ya kwanza tangu zahanati ifungwe. "Serikali ilinizungusha miaka tisa kwa boksi moja. Kumbe ningeomba la kupiga picha."

Siku ya kazi msafara uliingia Kiparamoto saa tatu asubuhi, magari tisa meusi na lori la vifaa. Kijiji kizima kilijipanga. Na Stumai, ambaye uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri, aliletwa na mumewe kwa mkokoteni mpaka nyuma ya ubao. Siwema alimshika mkono.

"Usiogope, mdogo wangu. Leo kuna kila kitu."

Mtoto alizaliwa saa tano kasoro, wa kike, akalia kwa nguvu mpaka watu waliokuwa mbele ya ubao wakapiga makofi wakidhani ndiyo filamu imeanza. Siwema alilia na kucheka pamoja. Kisha akamwona Nesi ameacha kucheka.

"Damu haisimami. Nipe zile sindano."

Siwema akakimbilia lori, akarudi na boksi. Nesi akavunja kichupa, akakinusa, akakimwaga kiganjani. Akavunja cha pili.

"Haya ni maji ya rangi."

"Haiwezekani. Niliandika viwe vya kweli!"

Kijana wa stoo ya wizara alijieleza kwa unyenyekevu. Vya kweli, alisema, vina rangi mbaya, havionekani vizuri kwenye kamera, kwa hiyo wizara iliboresha. Daktari wa wazazi? Akasogea bwana mmoja mrefu, mtanashati, aliyewahi kuigiza daktari kwenye tamthilia misimu minne. Gari la wagonjwa lilikuwa zuri mno, limechorwa msalaba mkubwa, ila halikuwa na injini. Lilikuwa limeshushwa kutoka kwenye lori.

Basi yakabaki magari tisa meusi. Siwema alikimbia kwa Waziri, aliyekuwa anapakwa poda.

"Mheshimiwa, naomba gari moja. Kuna mzazi anatoka damu."

"Magari yote yamo kwenye picha, Siwema. Ukiondoa moja yanabaki manane. Nane ni msafara wa naibu."

Siwema alimtazama mtu huyu, na kichwa chake chote cha kazi, kile cha ng'ombe mia mbili, kikazunguka mara moja.

"Basi tubadilishe onyesho, Mheshimiwa. Waziri anafika hospitali, anamkuta mama mgonjwa, anambeba kwa mikono yake, anampakia kwenye gari lake mwenyewe na kumkimbiza Magunzi. Mimi na mpiga picha tunakaa mbele, kamera inaangalia uso wako."

Mheshimiwa alifikiri. "Upande gani wa uso?"

"Wa kulia."

"Twende."

Wakaondoka, magari mengine manane yakifuata. Stumai alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa Waziri, Nesi Adventina akiwa amepiga magoti sakafuni akikandamiza tumbo kwa ngumi yake. Mtoto alibaki kwa bibi yake. Baada ya kilomita tatu Waziri aligonga bega la dereva.

"Simama. Imetosha, tumeshapata."

"Bado, Mheshimiwa," alisema Siwema bila kugeuka. "Vumbi liliingia. Tunarudia, tuanzie hapahapa tusonge mbele."

Wakasonga. Kilomita nne zaidi. Waziri akataka kusimama. Siwema akasema jua limepiga miwani. Kilomita mbili mbele yake, akasema huruma ilionekana kwenye macho lakini haijafika mdomoni. Waziri alikuwa mtu mwenye kujituma, akajaribu huruma ya mdomoni. Kila walipotaka kusimama Siwema alizua kasoro mpya, na kila kasoro iliwasogeza Magunzi. Wakafikisha kilomita kumi na tano. Ishirini. Alikuwa akidanganya kama alivyodanganya maisha yake yote, ila safari hii kila uongo ulikuwa una kazi.

"Dada," aliita Stumai. "Nasikia baridi."

"Tunafika, mama. Vumilia kidogo."

Kwenye kilomita ya ishirini na saba Waziri aliagiza gari lisimame, na likasimama.

"Siwema, mimi ni mtu wa viwango," alisema. "Kasoro kumi na moja! Filamu yenye kasoro kumi na moja haiokolewi kwa viraka. Turudi Kiparamoto tuanze upya pale mlangoni, kibao cha hospitali kionekane. Dereva, geuza."

Hapo ndipo Siwema alipoutupa uongo wote.

"Mheshimiwa, hakuna kasoro! Hakukuwa na kasoro hata moja! Huyu si mwigizaji, huyu ni Stumai, mdogo wangu, tumbo moja. Hii damu ni yake. Ukigeuza gari anakufa!"

Waziri alikuwa ameguswa, hata macho yake yalilowa.

"Maneno mazuri sana hayo," alisema. "Mbona hukuyaweka kwenye mswada? Tutayaweka mwanzoni. Geuza, dereva."

Siwema alimrukia dereva akakamata usukani. Walinzi wawili walimtoa nje, wakamkalisha kwenye gari la tano. Msafara ukageuka, magari yote tisa, kwa mpangilio. Kwenye gari la kwanza Nesi Adventina aliendelea kukandamiza mpaka mikono ikafa ganzi. Walipofika kwenye ubao alikuwa amekwishafunga macho ya Stumai kwa vidole vyake, na alimkataza Waziri asimguse tena.

Filamu ilimaliziwa na mwongozaji mwingine. Palipohitajika mama alitafutwa mwigizaji anayefanana kidogo na Stumai, akapewa na jina lake, akafika Magunzi, akapona, akatabasamu. Ilionyeshwa mara saba.

Baada ya wiki sita Siwema alikwenda na mtoto kwenye Ofisi ya Vizazi na Vifo. Alisimama foleni tangu saa mbili. Karani dirishani alikuwa binti mpole, akamchekea mtoto, akaandika jina, akaandika tarehe.

"Mahali alipozaliwa?"

"Kiparamoto."

"Hospitali ya Rufaa Kiparamoto," karani aliandika. "Jina la mama?"

"Stumai Kilindo. Marehemu. Nataka na cheti chake cha kifo."

Karani aliinua macho, akacheka kwa aibu. "Jamani, dada. Huyu wa kwenye filamu? Huyu yupo. Jana tu tumemwona kwenye televisheni. Mwambie aje asaini mwenyewe, mzazi akiwa hai mtu mwingine haruhusiwi."

Siwema alimhamishia mtoto bega la pili, akainama mpaka uso wake ukajaa kwenye kidirisha kile.

"Andika ninavyokwambia," alisema, na sauti yake ilikuwa ile aliyozoea kusikika nayo uwanja mzima. "Mtoto huyu alizaliwa nyuma ya ubao. Ubao nimeupigilia mimi. Mama yake ameuawa. Andika jina langu, kisha andika la Waziri. Andika!"

"Dada, punguza sauti, wataniachisha kazi."

"Andika!"

"Na wangu uandike," alisema mzee aliyesimama nyuma yake. "Mke wangu. Alizama kwenye kivuko mlichotangaza Februari. Hakuna kivuko pale."

"Mwanangu naye," akasema mwanamke wa mwisho karibu na mlango. "Alikunywa maji ya bomba lenu. Ni mfereji."

Wakaanza kusema wote, kwa majina kamili na tarehe. Karani alitazama fomu zake, akatazama watu, akafunga dirisha na kuteremsha pazia. Foleni haikuondoka.